Uzi: Vichwa viwili vya treni vyenye majina ya milima yetu viko makumbusho ya Nairobi. Stesheni ya Moshi ina nini?

MtotoWaGadi (Pasua, Moshi)

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilimpeleka baba Nairobi kutibiwa macho. Siku ya mwisho, badala ya kuniambia tupite sokoni kutafuta zawadi za wajukuu, akasema anataka jambo moja tu: nimpeleke makumbusho ya reli. Baba alikuwa gadi, yule msimamizi wa treni safarini. Aliajiriwa na East African Railways mwaka 1969, akafanya kazi njia ya Tanga, Moshi na Arusha, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 akaendelea na shirika letu la Tanzania hadi alipostaafu.

Makumbusho yenyewe iko jirani na stesheni ya Nairobi, unafika kwa miguu. Ilianzishwa 1971, wakati reli bado ni ya nchi zote tatu. Kuna jengo lenye picha na vifaa vya kazi, halafu nje kuna uwanja wa vichwa vya mvuke na mabehewa. Ndani baba aliganda kwenye tiketi, zile ndogo za karatasi ngumu zinazolingana na kidole gumba. Alinieleza namna karani alivyoisukuma ndani ya mashine ya kugonga tarehe, ikalia "ka-chak", na abiria wa daraja la tatu akaifunga kwenye ncha ya kanga ili isipotee hadi Korogwe.

Tulipotoka nje kuna vichwa viwili vikubwa ajabu. Macho ya baba yalikuwa bado na dawa, akanishika mkono nimsomee vibao. Cha kwanza: Mount Gelai. Tukaenda kwa mwenzake: Mount Shengena. Mzee akavua kofia.

Gelai ni mlima wa Longido, kule Ziwa Natron. Shengena ni kilele cha Upare. Vichwa vya aina hiyo vilitengenezwa 34, na vilivyobaki ni hivyo viwili tu. Vyote viwili vina majina ya milima ya mikoa yetu, Arusha na Kilimanjaro.

Sasa swali langu. Stesheni yetu ya Moshi ndiyo iliyouzaa mji huu. Mimi nimekulia Pasua, nimecheza kando ya reli, na sijawahi kuona pale hata kabati moja la kioo lenye picha, taa au bendera ya gadi. Kwa nini kumbukumbu zetu tukaziangalie ugenini? Mwenye kujua anieleze.

ChaliiWaNgarenaro (Arusha)

Pole na safari, mzee apone.

Jibu ni fupi: makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi. Makao makuu yakiwa mahali fulani, vitu vizuri vinaenda huko. Hicho kichwa cha Mount Gelai si ajabu kilikuwa kinavuta kahawa kutoka Arusha, kilipozeeka kikapelekwa makao makuu kupumzika.

FundiWaKorogwe

Chalii, hapo kwenye kahawa ya Arusha hapana.

Vichwa hivyo ni daraja la 59, aina ya Garratt, kazi ya kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, miaka ya 1955 na 1956. Kimoja kina uzito wa tani 252. Ndivyo vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani. Kazi yao ilikuwa Mombasa hadi Nairobi, kwenye reli nzito. Njia yetu ya Tanga ilikuwa ya reli nyepesi. Ungeleta Mount Gelai Muheza, reli isingemhimili.

Majina hayakufuata mahali pa kazi. Shirika lilikuwa la nchi tatu, kwa hiyo daraja zima la 59 lilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kulikuwa na Mount Kenya, Mount Meru, Mount Kilimanjaro na wengineo. Aina nyingine zilipewa majina ya makabila, na pale pale makumbusho kuna kimoja kinaitwa Nyaturu, cha watu wa Singida.

Kwa hiyo mimi nasema vichwa hivyo vimebaki Nairobi kwa sababu ndiko vilikofanyia kazi na ndiko vilikozimwa.

BintiSame

Ngojeni kwanza. SHENGENA?? Kuna kichwa cha treni kinaitwa Shengena na nina umri huu sijaambiwa?

Bibi yangu ni wa Chome, chini ya mlima ule. Alikuwa akitusimulia jinsi walivyoshuka usiku na mizigo ya tangawizi kichwani kwenda kuwahi treni. Wakifika bondeni alfajiri wanalala kwenye jukwaa la stesheni hadi isikike. Laiti angejua kwamba huko Mombasa mlima wake unavuta mabehewa. MtotoWaGadi, una picha ya kibao?

MtotoWaGadi

BintiSame, ninayo, nitaipandisha nikipata kompyuta. Fundi, asante kwa maelezo. Lakini umenijibu kuhusu vichwa. Mimi nauliza zaidi kuhusu stesheni. Taa, tiketi, kengele, saa ya ukutani, madaftari: hivyo vyote vilikuwa Moshi, wala havina tani 252.

MwalimuWaMachame

Nichangie kidogo kama mwalimu wa historia.

Moshi na Nairobi ni ndugu kwa kuzaliwa. Nairobi ilianza 1899 kama depo ya reli: Waingereza walifika uwanda ule wakiwa na mataruma (yale yanayolazwa chini ya vyuma vya reli), vyuma na wafanyakazi, wakahitaji pa kukusanyia mizigo kabla ya kuparamia milima. Mji ukaota juu ya depo. Moshi hii tunayoiita mjini ni vivyo hivyo. Moshi ya asili iko juu, Old Moshi, kwa Mangi (yaani chifu) Rindi na mwanawe Mangi Meli ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Huku chini palikuwa pori. Reli ilipofika 1911 ndipo mji ukashuka kuifuata stesheni, na Wajerumani wenyewe wakaita Moshi Mpya.

Tofauti ni kwamba Nairobi wanajua kwamba wao ni watoto wa depo, wanafundishana. Sisi tunadhani mji wetu ni mtoto wa mlima. Ndiyo maana stesheni hatuitazami.

KijanaWaMajengo

Mwalimu, mimi niliambiwa reli ilifika Moshi 1905, na jina la Moshi limetokana na moshi wa gari moshi. Wazee waliona moshi unapanda kutoka bondeni wakaita Moshi.

MwalimuWaMachame

Hapana kijana wangu. 1905 reli ilifika Mombo. Fuata ngazi zake: ujenzi ulianza Tanga 1893, Muheza 1896, hapo kampuni ikaishiwa fedha na serikali ya Ujerumani ikaichukua 1899. Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Kilometa kama 350 kwa miaka 18.

Na jina haliwezi kutoka kwenye treni. Rindi alikuwa anaitwa Mangi wa Moshi miaka mingi kabla hata ya taruma la kwanza kulazwa Tanga. Alikufa 1891.

MekuWaOldMoshi

Shimbonyi wanangu. Nimeshawishika kuandika kwa sababu ya hilo jina. Sisi ni Wamochi na lugha yetu ni Kimochi. Jina ni la watu na nchi yao. Waswahili wa misafara walipopanda wakalisikia kwa sikio lao, likawa Moshi. Halina uhusiano na kuni wala makaa.

KijanaWaMajengo

Shikamoo Meku. Nimeelewa kuhusu treni. Ila kuna mwingine aliniambia ni ukungu wa mlima unaofanana na moshi. Huyo naye amekosea?

MekuWaOldMoshi

Marahaba. Ukungu upo Kibosho, upo Marangu, upo Rombo. Mbona hao hawakuitwa Moshi?

MamaKiboriloni

Meku umemaliza! Lakini turudi kwenye stesheni jamani.

Mimi nadhani sababu ni nyingine. Kwa mama zetu stesheni haikuwa pa kustarehe wala pa kutembelea. Ilikuwa mahali pa jasho: kubeba ndizi, kugombana na kuli, kukaguliwa, kulala chini na mtoto mgongoni treni ikichelewa. Mtu aliyeteseka mahali hatamani kulipa kiingilio kupaangalia tena. Nilimuuliza mama yangu kama angependa stesheni iwe makumbusho, akaniuliza, "Ili nione nini?"

BintiSame

Mama, bibi yangu naye aliteseka pale pale, lakini ndiyo hadithi aliyoipenda kuliko zote. Huenda tatizo ni kwamba hatukuwauliza mapema.

KaheJankisheni

Naingia nikiwa na uchungu kidogo, maana kila mtu anataja Moshi na Tanga, hakuna anayetaja Kahe.

Kahe ndipo reli mbili zilipokutana. Ya Mjerumani kutoka Tanga, na ya kutoka Voi kupitia Taveta. Baba yangu aliuza chai pale jukwaani. Treni ya kwenda Voi na ya kwenda Tanga zikikutana, anasema sufuria tatu zinaisha kabla hajamaliza kurudisha chenji. Unasikia Kikamba, Kitaita, Kichaga, Kipare na Kihindi kwenye benchi moja. Mpaka ulipofungwa 1977 benchi likabaki na mbuzi. Hata ulipofunguliwa 1983, ile biashara ya baba haikurudi.

Kama mnataka makumbusho, ianzie Kahe. Mjerumani alituachia njia panda ya Afrika Mashariki.

FundiWaKorogwe

Pole kwa mzee. Sahihisho dogo kwa heshima: tawi la Voi si la Mjerumani. Ni Waingereza walilijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1915, ili kuleta askari na maji na mizinga upande huu. 1916 wakaunganisha hadi Kahe. Kwa maneno mengine, reli hizo mbili zilikutana kwa bunduki. Mwezi Machi 1916 kulikuwa na mapigano hapo hapo Kahe, na Wajerumani wakalipua daraja la reli walipokuwa wanarudi nyuma.

KaheJankisheni

Nashukuru Fundi. Sasa ndiyo umeongeza sababu ya kuianzia Kahe.

ChaliiWaNgarenaro

Na kabla ya Kahe kulikuwa na Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishuka kwenye meli na askari wengi kutoka India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa huku Moshi, akapakia askari wake kwenye treni, wakateremka hadi Tanga na kuwarudisha Waingereza baharini. Wengi wanakumbuka nyuki waliowashambulia Waingereza. Mimi nasema treni ndiyo iliyoshinda, bila stesheni ya Moshi askari wale wangefika Tanga na kukuta bendera imeshabadilishwa.

Mnaona? Hadithi zote hizi zimepita kwenye jukwaa moja pale Moshi na hakuna hata kibao cha mbao kinachosema.

MkaziWaSakina (Arusha)

Chalii, unawatetea watu wa Moshi leo? Sisi Arusha je? Jumuiya ya 1967 makao yake makuu yalikuwa kwetu. Kama makumbusho inafuata makao makuu, kama ulivyosema mwanzoni, basi ingekuwa Arusha.

ChaliiWaNgarenaro

Makao makuu ya Jumuiya Arusha, ndiyo. Ya reli Nairobi. Bandari walipewa Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Waligawana. Nimesimama pale pale.

MkaziWaSakina

Basi hebu mnisaidie jambo ninalojiuliza tangu shule. Moshi hadi Arusha ni karibu, kwa gari unafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Kwa nini reli ikae Moshi tangu 1911 na ifike Arusha 1929? Miaka 18. Muda ule ule uliotumika kutoka Tanga hadi Moshi!

MwalimuWaMachame

Vita. Wajerumani walikuwa na nia ya kuendelea Arusha na mbele zaidi kuelekea Ziwa Victoria. 1914 ikakatisha.

DerevaMstaafuUsaRiver

Vita viliisha 1918, Mwalimu. Bado inabaki miaka 11. Mimi nimeendesha lori barabara hiyo tangu haijawekwa lami yote. Hesabu mito: Karanga, Weruweru, Kikafu, Sanya, Usa, Nduruma, na mingine inayojaa masika peke yake. Kikafu lile korongo lake mnalijua. Kila mto ni daraja na kila daraja ni fedha. Reli haikati kona kama pikipiki, inataka mteremko mdogo. Ardhi ndiyo iliyowachelewesha.

FundiWaKorogwe

Mito ni kweli, lakini Usambara ina mito pia na walipita. Nadhani ni fedha. Wajerumani fedha zao kubwa zilikwenda Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914. Waingereza walipoichukua nchi walikuta madaraja yamelipuliwa, wakaanza na matengenezo.

KaheJankisheni

Mimi nitawapa jibu la watu wa Kahe. Baada ya tawi la Voi kuungwa, mzigo wa Kilimanjaro ulikuwa na njia mbili za kwenda baharini, Tanga au Mombasa. Wakubwa wa pande zote mbili waligombea kahawa. Nani angekubali kulipia reli ya Arusha wakati hajui kama faida itashuka bandari yake au ya jirani?

DerevaMstaafuUsaRiver

Hilo la bandari lina mantiki, sikatai. Lakini nenda kasimame juu ya daraja la Kikafu halafu urudi tuongee.

MkaziWaSakina

Nimeuliza swali moja nimepata majibu manne. Asanteni, nitayaweka yote mfukoni.

MhasibuWaSoweto (Moshi)

Naomba nirudi kwa mleta uzi. Nadhani kuna sababu ya wazi ambayo hakuna aliyeigusa: stesheni ya Moshi inafanya kazi. Treni ya mizigo ilirudi Julai 2019, ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya ishirini, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Huwezi kuweka kamba na kabati za vioo mahali watu wanapanda na magunia. Nairobi waliweka makumbusho kando, hawakuigeuza stesheni yenyewe.

Siku ile ya Desemba 2019 nilikuwepo. Watu walitoka Pasua, Njoro, Majengo, hadi wazee wa Kibosho walishuka. Honi ilipolia kuna mzee karibu yangu alilia kwa sauti kama mtoto. Kwangu mimi makumbusho ni honi ile.

MtotoWaGadi

Mhasibu, mzee huyo huenda ni baba yangu, sitanii. Alikuwepo na alilia.

Lakini sikusema stesheni nzima igeuzwe. Chumba kimoja. Hata Arusha, Boma la Mjerumani la 1900 ni makumbusho ya elimu viumbe, na ukumbi lilikopitishwa Azimio la Arusha 1967 ni makumbusho ya Azimio. Tanga kuna makumbusho ndani ya boma la zamani. Moshi, mji wa reli, chumba kimoja tu cha reli kinatushinda?

MamaKiboriloni

Umesema chumba kimoja. Nani atafagia, nani atalipa umeme, nani atashika ufunguo? Nauliza kwa sababu najali. Mwaka fulani kikundi chetu cha akina mama tulipewa chumba katika jengo moja la zamani hapa mjini tuonyeshe vyombo vya jadi: vibuyu vya mbege, mizinga ya nyuki, vinu. Miezi sita ikapita vizuri. Kisha ufunguo ukapotea kati ya ofisi mbili, kila moja ikisema uko kwa mwenzake. Kinu cha mama mkwe wangu sijakiona hadi leo.

KijanaWaMajengo

Pole mama. Mimi nilipigwa marufuku kupiga picha kwenye stesheni moja, hata sitaitaja. Nilikuwa nataka picha ya saa tu. Mlinzi akaniambia nifute.

DerevaMstaafuUsaRiver

Chuma chakavu hamjakitaja. Miaka ile treni ilipokuwa imelala, vijana walifungua chochote kilichofunguka. Mataruma ya chuma, ambayo Mjerumani aliyachagua kwa sababu mchwa hali chuma, nimeyaona kwa macho yangu yakiwa nguzo za zizi la ng'ombe. Kengele ya shaba ya stesheni ukiiyeyusha unapata nini? Fedha ya wiki moja. Mnatafuta vitu vya kuweka kwenye kabati, na vitu vimeshakuwa sufuria.

BintiSame

Kweli dereva, kwa mjomba wangu Makanya kuna taruma limefanywa kizingiti. Lakini hapo mimi naona tofauti: halijayeyushwa. Lipo. Tukiamua kuhesabu vitu vilivyomo majumbani kuanzia Korogwe hadi Arusha tutashangaa.

MwalimuWaMachame

Nakubaliana na BintiSame nusu. Vitu vipo, lakini bila maelezo ni vyuma tu. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi makumbusho hayo ya Nairobi. Walichokumbuka wote ni behewa ambalo simba alimuulia ofisa wa polisi, Ryall, pale Kima mwaka 1900. Alilala humo akimvizia simba, usingizi ukamshinda, simba akaingia akambeba kupitia dirishani. Behewa lenyewe ni la kawaida kabisa, mbao na madirisha. Hadithi ndiyo inayolifanya watoto wasipumue. Moshi tunahitaji msimulizi kabla ya kabati.

ChaliiWaNgarenaro

Basi msimulizi yupo, ni baba yake MtotoWaGadi. Arekodiwe.

FundiWaKorogwe

Nakazia. Mkuu, muulize mzee yeye anaonaje: kwa nini vitu havikubaki Moshi? Tumebishana siku tatu humu na shahidi yupo sebuleni kwako.

MtotoWaGadi

Wakuu, nimemsomea uzi wote jana jioni, bandiko kwa bandiko. Macho yanaendelea vizuri lakini simu bado inamtesa. Amecheka sana hapo kwa Meku na ukungu.

Majibu yake si miongoni mwa yenu. Anasema kila kitu cha stesheni kilikuwa na namba kwenye leja. Taa ina namba, bendera ina namba, kengele ina namba, hata kiti. Ukipoteza taa unakatwa mshahara. Kwa hiyo hakuna mfanyakazi aliyeitazama taa akaona kumbukumbu. Aliona deni. Kifaa kikichoka unakirudisha, kinafutwa kwenye leja, unapewa kingine, na kilichofutwa hakiulizwi tena. Anasema wao ndio waliokuwa wanasafisha vitu vile kila siku na ndio waliokuwa wa kwanza kufurahi vikiondoka.

Nikamuuliza, mbona basi ulivua kofia kwa Mount Shengena? Akasema gadi wa Tanga hakuwahi kufanya kazi na mashine ile, aliiona Voi mara moja tu akiwa kijana, ikipita usiku na mabehewa yasiyohesabika, na ardhi ikatetemeka hadi chai ikamwagika. Alijiambia siku moja ataisogelea. Imemchukua zaidi ya miaka hamsini.

Na sasa jambo ambalo sikulijua. Akainuka, akaenda stoo, akarudi na taa yake ya gadi, imefungwa kwenye gunia la kahawa. Aliinunua kwenye mnada wa vifaa vilivyofutwa, kwa fedha yake. Mama anasema waligombana mwezi mzima kwa sababu yake, maana fedha ilikuwa ya mabati.

KaheJankisheni

Aisee. Na mimi nimekumbuka sufuria moja ya chai ya baba bado ipo. Ina kovu la kugongwa na mlango wa behewa.

MamaKiboriloni

MtotoWaGadi, taa hiyo usiitoe kwa mtu mpaka ujue ufunguo utakaa kwa nani. Nasema hivyo kwa uchungu wa kinu.

MhasibuWaSoweto

Bado nasimama na honi yangu, lakini siku mkiweka taa hiyo mezani hata kwa saa moja, nitakuja na wanangu.

BintiSame

Mimi Jumamosi naenda Makanya kwa mjomba. Nitapiga picha taruma na kupima urefu wake, na nitaangalia kama lina mwaka umechongwa.

FundiWaKorogwe

BintiSame, angalia upande wa chini wa ncha, huko ndiko huwa wanagonga alama. MtotoWaGadi, hizo taa zilikuwa na vioo vya rangi unazungusha, kijani na chekundu. Muulize mzee, kioo cha kijani bado kizima?

MtotoWaGadi

Kizima. Chekundu ndicho kina ufa. Anasema ni Hedaru, 1984, aliiangusha akiwahi kusimamisha treni, ng'ombe walikuwa wamelala relini.